Kereng'ende wa Kabla ya Ndege

Mume wangu alipofariki nilikaa eda kama inavyotakiwa, na eda ilipokwisha niliendelea kukaa. Hakuna aliyenikataza kutoka. Mlango ulikuwa wazi, mtaa wetu wa Waswahili hapa Gitega ulikuwa vilevile, na muadhini, wauza ndagala, dagaa wa ziwani, na vijana wa baiskeli waliendelea kupaza sauti zao, kila mmoja kwa wakati wake. Ila mimi nilikuwa nimezoea dirisha. Cherehani yangu ilikuwa chini ya dirisha hilo, na kutoka pale niliona kipande cha ua, kamba ya kuanikia nguo na mparachichi wa jirani. Nilishona, nilikunja, nilipiga pasi. Wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye tunakaa naye nyumba moja, ndiye aliyekwenda sokoni, ndiye aliyeninunulia uzi, ndiye aliyewapelekea wateja nguo zao. Watu wakiniulizia alisema, "Yuko, anapumzika." Nilipumzika hivyo mpaka mwaka ukageuka.

Mwalimu alikuja mwishoni mwa mwaka wa masomo, vumbi lilipokuwa limeanza kukaa juu ya majani.

"Shikamoo," alisema mlangoni.

Hapo hapo nilijua amekulia Tanzania, maana huku kwetu wachache tu wanasalimia hivyo. "Marahaba," nikajibu, na wifi akacheka kichinichini huko jikoni.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, amevaa viatu vilivyotembea sana. Alifundisha elimu ya viumbe kwenye shule moja ya sekondari hapa mjini. Alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya mpaka, na alikuwa msichana mkubwa tayari wakati wazazi wake waliporudi kwao Butihinda, kule Muyinga. Kila likizo ndefu alikwenda nyumbani na kuwakusanya watoto wa kilima chao, akawafundisha yale ambayo kwenye darasa lao hayafiki. Mwaka huu alitaka kuwaonyesha kitu. Akatoa simu, akanipa picha.

"Naomba unishonee huyu."

Niliona jiwe la kijivu tu. "Iko nini hii?"

"Angalia vizuri, dada. Ni alama ya bawa ndani ya jiwe."

Niliangalia, na polepole likanijia. Mistari myembamba ilitoka kwenye shina moja, ikagawanyika, ikagawanyika tena, na katikati yake kulikuwa na vijumba vidogo vidogo, kama kazi ya sindano ya mtu mwenye subira kunishinda mimi. Nilikuza picha kwa vidole. Kila kijumba kilikuwa kimefungwa vizuri, hakuna uzi uliolegea.

"Ya ndege?" niliuliza.

"Ndege walikuwa bado hawajakuwepo duniani. Huyu ni mdudu. Ni jamaa wa kereng'ende, lakini wa zamani sana, miaka milioni mia tatu huko nyuma."

"Na ukubwa?"

Akanyoosha mkono wake wote. "Akifungua mabawa, toka hapa begani mpaka ncha za vidole."

"Bon, we uko unanicheka."

"Sikucheki, dada. Haki ya Mungu."

Wifi akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona huyo mdudu. Alitazama picha, akatazama mkono wa mwalimu uliokuwa bado umenyooka hewani. "Mi nikiona kitu kama hicho juu ya sufuria yangu, nahama mji," akasema, akarudi kwa maharage yake.

Kazi ile niliikubali bila kufikiri sana. Nilikuwa nimechoka na sare za shule. Lakini kereng'ende hana vipimo vya kifua na kiuno, kwa hiyo mwalimu ilimbidi arudi mara nyingi. Alikuja jioni baada ya kusahihisha mitihani, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka karibu na cherehani yangu, na mimi nikashona huku yeye akisimulia.

Alisema wakati ule hapakuwa na ua hata moja duniani. Wala majani ya kulishia mbuzi hayakuwepo. Kulikuwa na mabwawa, na miti mirefu iliyosimama ndani ya maji kama mafunjo ya majitu, na hewa ilikuwa ya wadudu peke yao. Hapakuwa na mwewe, wala popo, wala shomoro wa kuwakimbiza. Wataalamu wengine, alisema, wanadhani hewa yenyewe ilikuwa nzito kuliko yetu, na ndiyo maana wadudu waliweza kukua hivyo. Wengine wanabisha. Kulikuwa pia na wadudu wa mabawa sita, manne makubwa na mawili madogo karibu na shingo. Nikaona mara moja kola ya gauni la mtoto.

"Na sauti?" nilimuuliza siku moja. "Kama ndege hawakuwepo, asubuhi ilikuwa na sauti gani?"

Swali hilo, nadhani, hakuwahi kuulizwa na wanafunzi wake. "Maji," akasema. "Upepo. Na labda mabawa yao."

Baada ya hapo nilikuwa nikishona na asubuhi hiyo kichwani. Mchana, nyumba ikiwa kimya na wifi yuko sokoni, mguu wangu ulikanyaga cherehani, na mlio wake ukawa mlio wa mabawa mengi yaliyo mbali. Jua lilipita kwenye neti ya shela niliyokuwa nimeitandika mapajani, likanichorea sakafuni kivuli cha vijumba vidogo, na kivuli kikatikisika kama kipo chini ya maji. Nilikuwa siyo macho, siyo usingizini. Ua wetu ulijaa maji ya kijani mpaka kwenye kamba ya nguo. Kitu kilipita juu ya mparachichi, kikubwa, chepesi, bila haraka, kwa sababu hakuna kitu duniani cha kukikimbiza. Wifi aliporudi alinikuta nimeshika sindano hewani.

"Umelala?"

"Hapana. Niko hapa."

Mabawa yenyewe niliyapata hivi. Kwa mfupa wa mbele nilivunja mwavuli uliokwisha kuharibika, nikatoa mbavu zake. Kwa mishipa nilitumia waya mwembamba, na pale waya uliposhindwa, uzi. Neti ilibaki kutoka kwenye shela la bibi harusi mmoja. Tulibishana juu ya rangi.

"Hatujui alikuwa na rangi gani," mwalimu alisema. "Jiwe halikuitunza."

"Donc nimwache mweupe kama bibi harusi?"

"Siwezi kuwaambia watoto kitu ambacho hakijulikani."

"We waambie fundi ndiye amechagua."

Niliichemsha neti kwenye chai ya rangi mpaka ikawa kama majani ya ndizi yaliyokauka. Mwili niliushona kwa kitambaa kigumu, nikaujaza sponji, mrefu, wa pingili. Mabawa niliyaunga na mwili kwa ngozi laini ili yapande na kushuka, lakini yasikunjike mgongoni, maana mwalimu alisisitiza kwamba jamaa hawa hawakuweza kukunja mabawa kama nzi anavyokunja. Wakipumzika, walipumzika wameyafungua. Kisha nikamfunga juu ya mwanzi mrefu, ili mtu akikimbia naye, upepo umshike.

Siku tuliyomjaribu uani, mwalimu ndiye alikuwa wa kwanza. Alikimbia mpaka ukutani na kurudi, na kereng'ende wetu alining'inia tu kama nguo iliyolowa.

"Labda umekosea uzito," alisema akihema.

"Lete."

Nilishika mwanzi chini zaidi, nikaulaza, nikapiga hatua chache kuelekea kule upepo unakotoka, kisha nikauinua kwa kiwiko, siyo kwa bega. Mabawa yalipanda. Yalitoa mlio wa kitambaa kipya, yakashuka, yakapanda tena. Nilizunguka kamba ya nguo, nikapita jikoni, nikarudi.

"Mtu mzima anakimbia na mdudu!" wifi alipiga kelele. Lakini alikuwa amesimama na mkono mdomoni, na macho yake yalikuwa yanalifuata bawa, hayakunifuata mimi.

Nilipoacha, mwalimu alikuja akaushika mwanzi. Kisha akasema, "Dada, twende wote Butihinda. Mimi siwezi kumrusha. Umeona mwenyewe."

Jioni ile wifi hakula vizuri. "Utakwenda huko kukimbia mbele ya watu?" aliniuliza. "Watu watasema nini? Kwamba mjane wa fulani anacheza viwanjani?"

"Sijasema nakwenda."

"Haujasema hauendi."

Nilikuwa namuogopa kidogo, lakini zaidi ya hapo nilikuwa nauogopa mtaa. Kuvuka mlango, kupita dukani, kupokea pole za wale ambao hawakupata nafasi ya kunipa pole. Asubuhi ya safari nilitoa viatu vyangu chini ya kitanda. Ngozi ilikuwa imekakamaa, na mguu wa kushoto ulikataa kuingia. Nikavipaka mafuta ya mgando, nikaketi kuvisubiri vilainike, na wakati naketi hivyo wifi akaja, akaweka kando yangu chupa ya chai na mkate uliofungwa ndani ya kitambaa. Hakuniaga. Nikatoka.

Kutoka Gitega mpaka Muyinga, ndani ya basi, nilimpakata kereng'ende, amefungwa kwenye kanga, mabawa yake yamefumuliwa na kulazwa moja juu ya jingine. Vilima vilikuja na kwenda, vya rangi ya kahawia kwa sababu ya kiangazi, na huko chini mabonde yalikuwa bado ya kijani. Mwalimu alilala. Mimi niliangalia kila kitu, kila mwanamke mwenye jembe, kila mbuzi, kama mtu aliyetolewa bandeji machoni. Muyinga mjini tulishuka, tukapanda baiskeli za abiria, na dereva wangu akaniuliza mzigo ule ni mtoto au ni nini.

"Ni mdudu," nikamwambia.

"Haya," akasema, akakanyaga.

Kwa kina mwalimu tulilala vizuri. Mama yake alikuwa mwanamke mkubwa, mkimya, mwenye mikono mirefu. Alituwekea ugali wa muhogo, mchicha wa lengalenga na nyama, akahakikisha ile aliyonipa mimi imechinjwa na Mwislamu wa pale sokoni, hata sikuuliza. Usiku ule, nikimrudishia kereng'ende mabawa yake, nilisikia vyura wengi kuliko niliowahi kuwasikia. Mafunjo yalianza chini tu ya kilima.

Kesho yake watoto walijaa uwanjani kuanzia asubuhi. Wengine walikuwa wametoka mbali, wametumwa na shangazi na mama wakubwa waliosikia habari. Watu wazima pia walikuja, wakajifanya wanapita tu na majembe yao, wengine na simu mkononi. Mwalimu aliwavika watoto wadogo mabawa ya katoni, sita sita, akawaambia wao ni wale wadudu wanaonyonya maji ya miti. Akawasimulia mabwawa, na miti, na dunia isiyo na ndege. Alisimulia kwa Kirundi na Kiswahili vikichanganyika, na watoto walizidi kumsogelea. Kisha akageuka upande wangu, pale nilipojificha nyuma ya ukuta wa darasa.

"Na sasa," akasema, "anakuja mkubwa wao."

Niliwaona watu wale wote na nikataka dirisha langu. Halafu upepo wa kiangazi ulikuja kutoka upande wa bonde, ukamshika kereng'ende kabla mimi sijafanya uamuzi wowote, mabawa yakapanda, mwanzi ukanivuta, nikatoka.

Watoto walipiga yowe. Mabawa sita sita yakatawanyika pande zote. Nilizunguka uwanja, na juu ya kichwa changu neti ilikuwa inalia, na kivuli chake kilikimbia mbele yangu ardhini, kipana, chenye vijumba, kikipanda juu ya mawe na migongo ya watoto bila kujikwaa. Kanga ya kichwani iliponyoka. Nilihisi upepo kwenye nywele zangu na sikusimama kuiokota. Mzee mmoja alivua kofia. Nilizunguka tena. Kifua kiliniuma kwa kukosa mazoezi, na nikasikia mtu anacheka kwa sauti, na ilipita muda kabla sijajua kwamba ni mimi.

Kisha uwanja ukaisha. Upande ule kilima kinateremka, na mtu mzito akishaanza kuteremka anakimbizwa na uzito wake mwenyewe. Nilipita migomba, nikapita shamba la maharage yaliyokwisha kung'olewa, watoto wote nyuma yangu kama moshi, na kereng'ende juu, ametulia, kana kwamba ndiye anayejua njia. Mafunjo yalinijia. Nilijikwaa ukingoni, nikaanguka kwa magoti kwenye tope, na mwanzi ukanitoka mkononi.

Alikwenda mbele peke yake. Sijui alikwenda umbali gani. Kwangu mimi alikwenda kwa muda mrefu sana, juu ya maji, katikati ya mafunjo, bila mtu wa kumshika, mabawa wazi, mwanga wa asubuhi ukipita ndani yake. Kereng'ende wadogo, wale wa siku zote, wekundu na wa buluu, waliondoka mbele yake. Halafu akainama upande mmoja, akalala juu ya maji.

Watoto walisimama. Mwalimu alifika anahema, ameshika viatu mkononi.

Msichana mmoja mdogo, wa mabawa sita, akauliza, "Amekufa?"

"Walikwisha wote zamani," mwalimu akamjibu. "Nilikuambia."

"Lakini huyu nimemwona."

Wasichana wakubwa waliingia majini mpaka kiunoni, wakamleta, wamemshika kwa mikono mingi kama mgonjwa anayebebwa. Bawa moja lilikuwa limechanika toka mfupa wa mbele mpaka ukingoni. Kila mtoto alitaka kumgusa, na kila mtoto alimgusa kwa kidole kimoja tu.

Alasiri niliketi nyuma ya nyumba na mama wa mwalimu. Yeye alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, mimi nashona bawa lililochanika, maana sindano huwa siachi nyumbani. Watoto walikuwa bado wanachungulia kwenye ua wa matete.

"Waache," mama alisema. "Sisi tuliporudi kutoka kambini watoto wa hapa walitufuata njiani hivyohivyo. Walitaka kuona tunakulaje. Mmoja alinigusa mkono."

"Ukafanya nini, mama?"

"Nilimwacha aguse. Ningefanya nini?" Alipuliza makapi. Ungo ulitikisika mara kadhaa kabla hajasema tena. "Mwanangu ameniambia umefiwa na mume."

"Ndiyo."

Nilisubiri pole. Nilikuwa nimeandaa jibu la pole, lile ninalompa kila mtu.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" akaniuliza.

Sindano ilisimama. Katika muda ule wote hakuna aliyeniuliza hivyo. Watu wa Gitega walimjua, kwa hiyo hawakuwa na haja ya kuuliza, na wasiomjua walisema tu Mungu amrehemu. Kisha nikaanza na mikono yake, nikamwambia kwamba naye alikuwa fundi, na alikata kitambaa bila chaki, anakiangalia tu, halafu mkasi unapita. Nikamwambia alikuwa hawezi kumaliza kichekesho, kwa sababu alicheka katikati na sisi tukabaki bila mwisho. Alipenda ukoko wa wali. Aliogopa mbwa, hata wadogo. Akiwa na homa alikuwa anaimba. Nilisema mengi, na mama alichambua maharage polepole, akiuliza kidogo hapa na pale, mbwa gani, wimbo gani, mpaka ungo ukaisha naye akaanza kuyachambua tena yaleyale yaliyokuwa safi.

Kereng'ende tulimwacha kule. Watoto walimtundika darasani kwa kamba, na mwalimu ananiambia kwamba mlango ukifunguliwa ghafla bado anatikisa mabawa.

Niliporudi Gitega wifi alikuwa amekaa kizingitini. Nilijua tayari ana habari, maana simu zinakimbia kuliko mabasi. Aliniangalia viatu vyangu vilivyojaa tope lililokauka.

"Nimekuona," akasema. "Wamenitumia video."

Nikaweka mfuko chini. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa tayari kwa lolote.

"Kanga ilikutoka kichwani."

"Iliponyoka."

"Ulikuwa unacheka."

"Ndiyo, wifi."

Alitazama barabara. Kidevu chake kilianza kutikisika, na nilifikiri ni hasira. "Kaka yangu angekuona ukianguka vile," akasema, "angekufa kwa kucheka."

Tulitazamana. Neno hilo la kufa lilikuwa limeshatoka na halikuwa na njia ya kurudi. Yeye ndiye aliyeanza, mabega kwanza, halafu mimi, na tukacheka pale kizingitini mpaka majirani wakatoka kuangalia, tumeshikana, machozi yakitutoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuwaeleza kitu. Baadaye tuliingia ndani. Wifi alipasha ndagala, nikakata vitunguu, na tukala huku tukimzungumzia marehemu, yeye akiniambia ya utotoni ambayo sikuwahi kuyasikia, jinsi alivyowahi kushona mfuko wa shati lake mwenyewe akiwa amelivaa, akaushona pamoja na ngozi.